Dorothea Lange na yule mama wa kambi ya njegere: mpiga picha ana jina ukutani, aliyepigwa hana. Ninyi mngefanyaje?

KameraYaKilosa aliandika:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo kwa wale mnaojua mambo ya picha na makumbusho maana hili jambo linanikosesha usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni mpiga picha. Nilianza na harusi na paspoti, baadaye nikawa napata kazi za miradi, yani mradi wa maji, lishe, chanjo, unaitwa unapanda gari lao mnaenda kijijini unapiga siku mbili unakabidhi picha unalipwa unarudi. Nimefanya hivo miaka kumi na moja. Sasa sisi wapiga picha wanne tumepata ukumbi, tunataka kuonyesha kazi zetu za miaka yote hiyo, na kuna mzee mmoja anatuelekeza akaniambia kabla hujapanga picha zako kamsome kwanza mama mmoja wa Kimarekani anaitwa Dorothea Lange, uone alivyopanga maonyesho ya kazi zake za maisha yote pale Museum of Modern Art, New York.

Nikamsoma. Huyu mama ameambiwa ana kansa ya koo la chakula na haponi, akautumia muda uliobaki kuchambua picha za miaka zaidi ya arobaini pale nyumbani kwake Berkeley, anapanga, anapangua, anatoa, anarudisha, pamoja na msimamizi wa picha wa ile makumbusho, John Szarkowski. Akafariki Oktoba 1965. Maonyesho yakafunguliwa Januari 1966, picha kama 200, mwenyewe keshazikwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa maonyesho makubwa ya peke yake ya namna ile kwa upande wa picha pale. Hapo nikamheshimu sana.

Ila nikakwama kwenye picha moja, na naamini wengi mmeiona hata kama hamjui ya nani. Mama kakaa kwenye turubai, kashika shavu, macho yanaangalia mbali, watoto wawili wameegemea mabega yake wamegeuza nyuso, na kichanga mapajani. Kambi ya wachuma njegere, Nipomo, California, Machi 1936. Inaitwa Migrant Mother, yani mama mhamiaji. Kila ulipoikuta miaka yote ile ilikuwa Dorothea Lange, Dorothea Lange. Yule mama mwenyewe jina lake halikujulikana mpaka 1978. Miaka 42 wakuu! Sura yake dunia nzima inaijua afu yeye haitwi mtu, anaitwa mama mhamiaji.

Nikafungua kompyuta yangu. Mafolda yangu yameandikwa "mama na mtoto 3", "mzee kisimani", "foleni zahanati". Jina hata moja hamna. Kuna mama mmoja nilimpiga 2016 kwenye foleni ya zahanati kampakata mtoto, ile picha ikatengenezwa bango kubwa, nikaja kuliona limetundikwa kwenye ukumbi wa mkutano mjini watu wanakunywa chai chini yake. Nilisimama pale nikakumbuka neno pekee nililowahi kumwambia yule mama: "mama angalia huku kidogo".

Sasa naulizeni. Je ni kweli yule mama wa njegere hakupata kitu? Lange alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anawajali hawa watu au alikuwa anatafuta picha tu? Na kwenye maonyesho yetu niitundike ile ya foleni au niiache?

MtotoWaBagamoyo_NY alijibu:

Kaka pole na hongera kwa kujiuliza, wengi tunapita tu.

Mimi niko New York mwaka wa tisa, na Februari 2020 niliingia pale pale MoMA, yani hiyo Museum of Modern Art, kwenye maonyesho yake mengine, yaliitwa Words & Pictures, ndo yamefunguliwa tu, wiki chache baadaye korona ikafunga kila kitu. Kwahiyo nakuelezea nilichokiona kwa macho yangu.

Kilichonishangaza ni maneno. Nilitegemea kuangalia picha, nikajikuta nasoma. Lange alikuwa anashikilia kwamba picha yoyote ile inaongezewa nguvu na maneno, na si maneno ya mtu aliyekaa ofisini, ni maneno ya mwenye sura. Alikuwa na mumewe wa pili, Paul Taylor, mtaalamu wa uchumi wa kilimo, wanazunguka wote mashambani, mume anahoji mke anapiga. Lange akimaliza kuongea na mtu anakwenda garini haraka anaandika yale maneno kabla hayajamtoka, vile vile yalivyotamkwa. Mwaka 1939 wakatoa kitabu pamoja, na maneno ya wakulima waliofukuzwa na ukame, vumbi na matrekta yako humo.

Na namna alivyokuwa anamkaribia mtu. Huyu mama alipata polio akiwa na miaka saba, mguu wa kulia ukabaki mbovu, alichechemea maisha yake yote. Mwenyewe alisema ule mguu ulimfundisha na kumdhalilisha kwa pamoja. Anatembea polepole na kamera yake kubwa, watu wanamuona anavyochechemea, hawamuogopi. Alikuwa anaomba maji ya kunywa afu anayanywa taratiiibu, mpaka wenyeji wamzoee. Watoto wakitaka kugusa kamera anawaachia waguse. Kaka wewe umetoka kijijini unajua kuomba maji kunafungua mlango gani.

Sasa cha ajabu, na ndo hapo nakuunga mkono kabisa, ile siku ya Nipomo hakufanya hivo. Alikuwa ametoka safari ya mwezi mzima, mvua inanyesha, anarudi nyumbani kwa watoto, akaona kibao cha kambi ya wachuma njegere akapita. Akaendesha kama maili 20 anabishana na nafsi yake mpaka akageuza gari. Alikaa na yule mama dakika kama kumi tu. Akamsogelea, akapiga, akasogea tena, akapiga. Mwaka 1960 akaandika mwenyewe kwamba hakumuuliza jina wala habari zake, mama alimwambia tu umri wake, miaka 32. Barafu ilikuwa imeua njegere, kazi hamna. Yani mtu ambaye kawaida yake ni kuandika kila neno, picha yake kubwa kuliko zote ndo aliyoipiga bila kuandika jina.

Nilisimama mbele ya ile picha muda mrefu. Ni ndogo kuliko unavyodhani.

Kuhusu kulipwa: Lange alikuwa mwajiriwa wa serikali, kitengo cha kuwasaidia wakulima, negativu, yani filamu yenyewe ya picha, ni mali ya serikali, kwahiyo haki ya kila mtu. Ukitaka leo unaingia tovuti ya Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, unaishusha bure kabisa kwa ubora mkubwa. Yeye hakula mrabaha wa ile picha. Ila nakala zilizosafishwa zamani ni kitu kingine, moja yenye maandishi yake mwenyewe iliuzwa mnada 1998 kwa dola 244,500. Mwaka huo huo posta ya Marekani wakaitolea stempu, senti 32.

MjukuuWaManamba alijibu:

Niko Tanga. Naomba nichangie kwa upande mwingine kabisa.

Babu yangu aliletwa huku kutoka Kigoma kukata mkonge. Alikuwa manamba. Vijana wa sasa wanalisikia hili neno hawalijui lilipotoka, limetokana na namba, mtu akiandikishwa anapewa namba na kipande, kila siku ukimaliza kazi kipande kinatiwa alama mpaka zifike siku 30 ndo unalipwa. Babu alituambia mnyapara hakuwahi kumuita jina lake mwaka mzima. Sasa kuna ofisi moja huku nilienda kufuatilia mambo ya ardhi, ukutani pana picha ya zamani kubwa nzuri sana ya wakata mkonge, wanaume kama ishirini, chini imeandikwa jina la shamba na mwaka. Basi. Nilisogea karibu nikawa natafuta sura ya babu, sikuwa na uhakika, kuna mmoja ana masikio kama ya baba yangu. Nikamuuliza yule karani hawa ni akina nani, akasema ni wafanyakazi. Nilitoka pale na uchungu ambao mpaka leo sijaumaliza.

Kwahiyo KameraYaKilosa jibu langu ni fupi, yule mama wa foleni ana wajukuu au atakuja kuwa nao.

Na kuhusu Lange, msome na kazi yake ya 1942, hiyo ndo iliyonifanya nimpende. Japani walipoipiga Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, serikali ya Marekani ikawakusanya watu wenye asili ya Japani wa pwani ya magharibi, zaidi ya laki moja, wengi wao raia waliozaliwa pale pale, wakawapeleka makambini. Lange alikuwa amepata fedha za heshima za mfuko wa Guggenheim kwa ajili ya kazi zake binafsi, akaziacha, akakubali kazi ya serikali ya kupiga picha zoezi hilo. Serikali ilidhani atawapigia picha za kuonyesha mambo yako shwari. Akapiga aliyoyaona. Wazee wamevaa suti zao bora wanasubiri basi. Duka la Oakland mwenye nalo ametundika bango kubwa "mimi ni Mmarekani". Na watoto wamening'inizwa vibandiko kifuani vyenye namba ya familia. Namba! Mimi mjukuu wa manamba nilipoiona ile nililia.

Jeshi likazizuia zile picha kipindi chote cha vita, nyingine ziliandikwa kabisa kwamba zimezuiliwa. Sasa sikiliza jambo lenyewe. Ile ya watoto wenye vibandiko, Hayward, Mei 1942, kwenye maelezo yake imeandikwa: familia ya Mochida. Na imeandikwa walikuwa na bustani ya maua na mabanda matano ya kioo, wakilima maua gani na gani. Serikali imewapa namba, maelezo ya picha yamewarudishia jina na kazi yao. Miaka sita tu baada ya Nipomo.

MamaWawiliNakuru alijibu:

Hamjambo. Mimi ni wa Nakuru na hii kazi ya kamera naifanya pia, nashoot sana mambo ya mashamba ya maua na chai.

Nitasema kitu huenda kitawaudhi. Mnamlaumu Lange kwa jina lakini hiyo picha ilifanya kazi. Alirudi akasafisha picha, akazipeleka kwa gazeti la San Francisco, zikachapishwa siku chache tu baadaye, na serikali ikatuma chakula pauni 20,000 kwa hiyo kambi, hizo ni kama tani tisa. Watu walikula. Si kila mpiga picha anaweza kusema picha yangu ililisha watu ndani ya wiki moja.

Lakini ukweli usemwe wote, huyo mama mwenyewe alikuwa ameshaondoka chakula kikifika. Gari yao ilikuwa imeharibika, ikatengenezwa wakaenda kutafuta kazi mbele. Anaitwa Florence Owens Thompson. Mniandikie hilo jina hapa kwa hii thread tafadhali, Florence Owens Thompson, Mcherokee wa Oklahoma, na hiyo ni kitu nyingine Wamarekani hawakujua, miaka yote walikuwa wanaona mama mzungu maskini kumbe ni mwenyeji wa hiyo nchi. Alilea watoto wake kwa kuchuma pamba, njegere, chochote. Mwandishi wa gazeti la Modesto alimpata 1978 akiishi kwa nyumba ya trela na akasema waziwazi alitamani hiyo picha isingepigwa, kwa sababu hakupata hata senti na jina lake hakuulizwa. Pia familia ilikataa hiyo hadithi ya Lange ati walikuwa wameuza matairi ya gari. Matairi gani, na gari ndio iliwatoa hapo?

Alipougua 1983 watoto walitoa ombi kwa magazeti na pesa ikaja zaidi ya dola 30,000, na barua nyingi sana kutoka kwa watu hawajawahi kumuona. Mmoja wa wanawe alisema hiyo picha ilikuwa kama laana kwao hadi hizo barua zikaja, ndio wakaanza kuona fahari. Akafa mwaka huo huo. Kwa kaburi yake wameandika Migrant Mother.

Na kuna kitu kinaniuma kama mama. Lange alikuwa na vijana wawili, Daniel na John, na kwa hiyo miaka ya kuzunguka aliwaacha walelewe kwa watu, wakiwa wadogo. Akizunguka kupiga akina mama na watoto wao, wake hawakuwa naye. Sisemi kumhukumu, mimi mwenyewe nimewaacha wangu kwa shosho yao, yaani bibi, nikienda kazi ya wiki tatu, na nikirudi yule mdogo anajificha nyuma ya mlango. Nasema tu kwamba alilipa, na watoto walilipa. Wanaume wa hiyo kazi hawaulizwi hii swali.

Kitu ya mwisho. KameraYaKilosa chunga sana kukata picha. Lange alipiga picha Mississippi 1936, msimamizi wa shamba mzungu ameweka mguu kwa gari, nyuma yake vibarua weusi wamekaa kwa ngazi za duka. Picha yote inaongea juu ya nani ana nchi na nani hana. Mwaka 1938 mshairi Archibald MacLeish akaiweka kwa kitabu chake, vibarua wakakatwa, akabaki mzungu peke yake kama mfano wa Mmarekani huru. Ni ile ile negativu. Kwa bango lako la ukumbi walikata nini? Ulikuwa umepiga foleni nzima ama?

Sengo alijibu:

Nauliza tu wadau, kuandika jina si kunaweza kumletea mtu shida? Mimi ni muuguzi. Foleni ya zahanati siku ya chanjo sawa, ila kuna siku za kliniki nyingine ambazo mtu akionekana kwenye picha na jina lake kijiji kizima kinajua anaumwa nini. Kwahiyo msimwambie mwenzetu aweke majina moja kwa moja, aende akaulize kwanza. Na amuulize mama akiwa peke yake, si mbele ya mwenyekiti wa kijiji, maana mbele ya mwenyekiti atasema ndiyo hata kama moyoni hataki.

KameraYaKilosa alijibu:

Nimewasoma wote, baadhi nimewasoma mara tatu. Dada wa Nakuru umenipiga pale pale. Ndiyo, nilikuwa nimepiga foleni nzima. Kwenye ile picha yangu nyuma ya mama kuna muuguzi anacheka na kibibi, kuna mlango mpya wa zahanati ambao wanakijiji wenyewe walichangia mbao. Wao kwenye bango wamebakisha mama, mtoto na inzi mmoja. Nilikuwa sijawahi kuziweka pamoja kuzilinganisha mpaka jana usiku.

Muuguzi nimekusikia, ilikuwa siku ya chanjo, nilihakikisha.

Juzi nilipanda bodaboda nikaenda, sikutaka kupiga simu. Haikuwa ngumu kumpata, niliwaonyesha picha akina mama kisimani wakanipeleka mpaka mlangoni. Nikaomba maji. Nikayanywa polepole kama mlivyosema, na kwa kweli nilikuwa naogopa. Mtoto wa kwenye picha sasa yuko darasa la kwanza amerudia, kanyoa kipara, ananichungulia.

Nikamuonyesha mama picha nzima na picha ya bango. Ya bango aliiangalia akairudisha haraka. Ile nzima akakaa nayo, akaanza kunitajia watu: huyu ni fulani kaolewa Dumila, huyu alifariki mwaka juzi, huyu kibibi ndo alinizalisha. Mimi naandika tu. Nimepata majina tisa kati ya kumi na mbili.

Afu akaniambia neno. Hakunidai hela. Akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu ningebadili kanga. Ile nilikuwa nafulia."

Nilikosa cha kujibu. Nimemuomba msamaha, akasema mbona yameshapita, akaenda kuniletea muhogo.

Tumekubaliana hivi. Ile nzima itundikwe, na jina lake kamili amekubali liandikwe, amelitamka akanisahihisha herufi. Ya bango haitundikwi. Na Jumamosi narudi nimpige nyingine, yeye na mtoto, kanga anayo mwenyewe mpya ya doti, ameshanionyesha, na anataka wakae pale kwenye mlango wa zahanati na yule kibibi akiweza kutembea. Hiyo atapewa yake ya kuweka ukutani.

MjukuuWaManamba, kaka, nenda tena ile ofisi na simu yako, ipige ile picha ya mkonge vizuri bila mwanga kurudi kwenye kioo, simama pembeni kidogo uzime flashi. Nitumie. Nitaikuza sura moja moja, tuwapelekee wazee wa kambi za mkonge waliobaki tuone watamtambua nani.

MjukuuWaManamba alijibu:

Naenda kesho asubuhi. Baba yangu mdogo yuko Muheza ana miaka 84, macho bado yanaona. Nitaanza na yeye.